Kabla hujaziba joto la karakana kwa sponji

Mwezi Februari mzee mmoja alimleta mwanawe wa miaka 17 akiwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mwili wake ulikuwa unaungua, kipimo kikasoma zaidi ya nyuzi 40. Baba alishaamua njiani kwamba ni malaria iliyopanda kichwani. Tulipima, malaria haikuwepo. Kijana anajifunza kuchomelea mageti, na siku hiyo alishinda ndani ya banda la mabati lisilo na dari, lenye dirisha moja.

Ukikuta mtu kazini yuko hivyo, usisubiri daktari ndipo uanze kumpoza. Mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee huku usafiri ukitafutwa. Kama amechanganyikiwa usimlazimishe kunywa, maji yanaweza kumwingia mapafuni.

Kijana wetu alipona. Siku anaruhusiwa, bosi wake alikuja kumchukua na kuniambia kwa furaha: "Daktari, lile joto nimelipatia dawa. Nimenunua sponji za magodoro kwa bei nzuri, nazigandisha chini ya bati lote." Nilimwomba akae kwanza.

Msomaji, huenda nawe una karakana, au mwanao anajifunza kazi kwa fundi fulani. Wazo la kuzuia joto ni jema na nawasifu wanaolifikiria. Bati lililopigwa na jua linamchoma aliye chini yake kama mtu aliyesimama mbele ya tanuri, hata kama hewa inapita. Tatizo ni kwamba wengi huchagua kizuia joto kwa bei tu, bila kujiuliza ndani ya banda hilo kuna moto gani.

Penye kuchomelea na kukata vyuma pana cheche kutwa nzima. Sponji ya godoro hushika moto upesi, na moshi wake una kaboni monoksaidi na saianidi, sumu zinazomwangusha mtu kabla miale haijamfikia. Januari 27, 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazili, fataki iliwashwa ndani ya ukumbi wa muziki wa Kiss, ikaunguza sponji iliyobandikwa darini kupunguza sauti. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi, wengi wao vijana. Karakana si ukumbi wa muziki, lakini sponji ni jamaa ileile, na cheche zake haziji usiku mmoja tu.

Yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na runinga mpya nayo usiyapachike juu. Yanayeyuka na kudondoka yakiwaka. Zipo za kiwandani zilizotiwa dawa ya kuchelewesha moto, ila kuchelewesha si kuzuia, mimi nisingeziacha wazi juu ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea.

Ukiniuliza ningechagua nini, ningechagua pamba ya mawe au pamba ya kioo iliyofunikwa kwa karatasi ya aluminiamu isiyoshika moto. Pamba hizo zenyewe haziungui. Wagonjwa huniuliza kama pamba ya kioo ndiyo asbesto. Hapana. Inawasha ngozi, macho na koo wakati wa kuifunga, kwa hiyo fundi avae glavu, mikono mirefu, miwani na barakoa, na watoto wasiwepo. Ikishafunikwa vizuri haina taabu, mradi isilowe. Huku pwani bati hutoa jasho alfajiri, na pamba iliyoloa haizuii joto tena. Kinachobaki ni ukungu, na mwenye pumu ataujua kabla yako.

Asbesto yenyewe ni zile karatasi za kijivu zenye mawimbi kwenye majengo ya zamani. Kuna watu huzinunua zikibomolewa kwa sababu ni za baridi kuliko bati. Tafadhali usizinunue, usizikate, usizitoboe. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na huweza kujificha miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kujitokeza.

Na kama fedha ya pamba haipo? Paka bati rangi nyeupe upande wa nje, inua paa, acha uwazi kati ya ukuta na bati ili hewa ya moto itoke. Hata mwenye pamba asizibe uwazi huo. Wenzetu wa nchi za baridi huziba kila tundu ili kutunza joto, sisi tunalifukuza. Isitoshe, moshi wa kuchomelea una madhara yake: tangu 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Karakana baridi iliyojaa moshi huo siitaki.

Yule bosi alinisikiliza, kisha akauliza sponji alizokwisha kununua azipeleke wapi. Nilimwambia azirudishe kwa wauza magodoro hata kwa hasara. Aliondoka akinung'unika kidogo, sikumlaumu. Baba wa kijana nilimpa kazi yake: aende karakanani saa nane mchana, si asubuhi, asimame pale mwanawe anaposimama, aangalie juu kuna nini, na kama kuna ndoo ya maji ya kunywa karibu.