Majini Hakuna Nyota za Begani

Wahenga walituachia semi nyingi za kutuongoza, lakini upo mmoja ambao sisi waja tumeugeuza kuwa kichaka cha kujifichia. Nao ni ule usemao kwamba ajali haina kinga. Basi likitumbukia mtoni, twaambiwa ajali haina kinga. Jengo likiporomoka na kuwafukia mafundi, wimbo ni ule ule. Mimi nasema ajali nyingi zina kinga, tena kinga yenyewe huwa imeandikwa vitabuni na kusomeshwa vyuoni. Inayokosekana ni nia ya kuitumia.

Leo nitalieleza jambo hili kwa mfano ambao huenda msomaji hakuutarajia. Ni mfano wa wanajeshi wanaopiga mbizi kwa mitungi ya hewa katika siku zao za mapumziko. Majeshi mengi ulimwenguni huuthamini mchezo huu. Uingereza huuhesabu miongoni mwa mazoezi ya kuwajenga askari wake ujasiri, na Wamarekani walio katika kambi za Okinawa na Guam huutumia kupitishia siku za likizo. Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Askari aliyejifunza kutulia chini ya maji, akapima pumzi yake na kumtunza mwenziwe, amepata funzo ambalo gwaride haliwezi kumpa.

Hoja yangu ni moja tu. Askari aingiapo majini kujiburudisha, cheo hakina budi kubaki ufukweni. Mamlaka yote yawe mikononi mwa msimamizi mmoja mwenye ujuzi, asiyezama yeye mwenyewe, na mwenye idhini ya kumzuia mtu yeyote, awe kuruta au jenerali. Bila ya hilo, burudani ni mtego.

Natoa ushahidi. Mnamo Agosti 17, 2006, meli ya kuvunja barafu iitwayo Healy, mali ya Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, ilitia nanga kando ya barafu katika Bahari ya Aktiki, mamia ya kilomita kaskazini mwa Alaska. Mabaharia walikuwa wamefanya kazi kwa majuma mengi, hivyo waliruhusiwa kushuka wakanyoshe miguu. Wengine walicheza mpira juu ya barafu, wengine wakanywa bia, na wengine wakajirusha katika maji hayo ya baridi kali kwa mzaha. Papo hapo, pembeni mwa sherehe hiyo, wapiga mbizi watatu wa meli waliamua kuzama ili wayazoee maji ya baridi. Mpango ulikuwa mdogo kabisa: dakika 20, katika kina cha futi 20, yaani takriban mita sita.

Mmoja wao alipata hitilafu ya vifaa akatoka. Wawili waliobaki, afisa wa kike na baharia mmoja, walishuka. Walikuwa wamejifunga vipande vya risasi vya kuwazamisha vyenye uzito wa zaidi ya ratili 60 kila mmoja, mzigo mkubwa kupita kiasi. Juu ya barafu, kamba zao zilishikwa na wenzao ambao hawakuwa wamesomea kazi hiyo, bali walipewa maelezo mafupi tu. Baadhi yao walikuwa wamekunywa bia. Kamba zilipozidi kuvutwa, washikaji walizidi kuziachia, wakidhani wenzao wako salama na wanatembea huku na huko. Kumbe walikuwa wanazama kama mawe. Walipotolewa iligunduliwa kwamba walikuwa wamefika zaidi ya futi 180 chini. Wote wawili walifariki.

Naomba msomaji atue hapa kidogo, azihesabu kinga zilizoachwa. Hapakuwa na mpigambizi wa akiba aliyekuwa tayari kuwafuata. Hapakuwa na mpango kamili wa uzamaji kama kanuni zilivyotaka. Na lililo kubwa zaidi, yule afisa aliyekuwa msimamizi wa uzamaji katika meli ndiye huyo huyo aliyekuwa majini. Basi nani angesema “basi, rudini”? Pale juu hapakuwa na mtu mwenye elimu ya kulitambua kosa wala mwenye mamlaka ya kulikomesha. Uchunguzi ulisema wazi kwamba maisha yale yangaliweza kuokolewa, na nahodha wa meli akaondolewa katika uongozi wake. Mzaha mzaha, walisema wazee, hutumbuka usaha.

Tafsiri yangu ya mkasa huo ni kwamba uliletwa na mchanganyiko wa hali mbili zisizopatana. Kazi ya jeshi ina kanuni zake kali. Burudani nayo ina ulegevu wake, na ulegevu huo ndio utamu wake. Vikichanganywa bila ya mpaka, kila mmoja hudhani kwamba mwingine ndiye mwangalizi. Wakubwa hudhani kwamba wapiga mbizi wanajua wanachokifanya kwa sababu ni wataalamu. Wapiga mbizi nao hudhani kwamba kanuni zimelegezwa kwa sababu leo ni siku ya mapumziko.

Wala tusidanganyike kwamba maji hutofautisha kazi na mchezo. Kila mita kumi mtu anaposhuka baharini, huongezewa kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya nchi. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi kanieneo ya 200. Hiyo ni hewa ya lita 2,400. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika angeitumia juu ya nchi kwa saa mbili. Katika kina cha mita kumi itamtosha saa moja. Katika mita 30 ni nusu saa tu, na hapo bado hujatoa akiba ya kurudia juu. Mtie mtu huyo hofu, baridi au ubishi wa kutaka kuonekana shujaa, naye atapumua mara mbili zaidi. Ile nusu saa itageuka robo. Hewa ikiisha, akipanda mbio huku amebana pumzi, hewa iliyo kifuani hutanuka na kuyapasua mapafu. Akipanda bila ya mpango baada ya kukaa chini muda mrefu, naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa viputo, ikamwachia maumivu ya viungo, kupooza au kifo. Hesabu hizi hazimjui koplo wala kanali.

Hapa ndipo mwanajeshi anapokuwa katika hatari kuliko raia. Raia aliyelipa fedha zake kwenda kuzama anaweza kusema, “Bwana, leo sijisikii vizuri,” na safari yake ikaishia mashuani. Mwanajeshi amefunzwa tangu siku ya kwanza kwamba kusita ni woga na kwamba mkubwa hapingwi. Mfikirie kuruta aliyepangwa kuzama pamoja na meja wake. Anaona sindano ya mtungi wa mkubwa inakaribia sehemu nyekundu. Je, atamwonyesha ishara ya kupanda, au atangoja afande aamue mwenyewe? Na meja je, ambaye mara ya mwisho kuzama ilikuwa miaka mitano iliyopita, atakubali kuambiwa na sajini kwamba leo hatapita mita kumi? Utiifu ni fahari ya jeshi nchi kavu. Chini ya maji unaweza kuwa sumu.

Kuna rafiki yangu, mwanajeshi mstaafu, aliyenicheka nilipomtajia fikira hizi. Alinieleza kwamba jeshi halikuundwa kwa ajili ya watu wa kubembelezwa, na kwamba askari aliyezoezwa katika usalama mtupu atakimbia siku ya vita. Hoja yake ina uzito, na si haki kuipuuza. Lakini naijibu hivi: hatari inayokubalika ni ile inayonunua kitu. Askari anayejitosa kumwokoa mwenziwe amenunua uhai kwa hatari yake. Je, anayezama kwa mtungi usiokaguliwa, siku ya Jumapili, baada ya chupa mbili za bia, amenunua nini? Hakununua ujasiri, maana ujasiri ni kuijua hatari na kuikabili kwa maarifa. Amejifunza uzembe tu, na uzembe huo atakwenda nao kazini Jumatatu.

Wala asidhani mtu kwamba mafunzo rasmi, kwa kuwa tu ni rasmi, yanatosha. Mnamo Machi 26, 2018, askari mmoja wa jeshi la Uingereza alifariki katika zoezi la kupiga mbizi karibu na mji wa Chepstow. Hilo halikuwa burudani. Yalikuwa mafunzo ya kijeshi, yenye wakufunzi na kamba ya usalama. Hata hivyo hewa ilimwishia akiwa chini. Idara ya serikali inayosimamia usalama kazini iliikaripia rasmi Wizara ya Ulinzi, na ikaagiza marekebisho katika upangaji wa uzamaji na katika mafunzo ya kukadiria hewa. Ikiwa hesabu ndogo kama ile niliyoipiga hapo juu inaweza kusahaulika darasani, itakuwaje siku ambayo hakuna darasa?

Sisi Wakenya tunayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lilitereza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama katika kivuko cha Likoni, na mama mmoja na bintiye wakapoteza maisha. Wapiga mbizi wa Jeshi letu la Wanamaji pamoja na wenzao wa kiraia walihangaika hadi Oktoba 11 ndipo gari likatolewa, kutoka kina cha takriban mita 58. Siku hizo watu wengi ufukweni na mitandaoni waliwashutumu wapiga mbizi wale kwa kukawia. Wachache walijua kwamba kina hicho kinapita mita 40, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha wanaozama kwa burudani, na kwamba haraka moja tu ingaliongeza maiti juu ya maiti. Waliokataa kuharakishwa na kelele zetu walitufunza kwamba subira majini ni sehemu ya ushujaa.

Subira hiyo haizaliwi siku ya msiba. Hujengwa katika kila mbizi, ya kazi na ya starehe. Nasi tumejaliwa pwani inayowavuta wapiga mbizi, kuanzia Watamu na Malindi hadi Diani na Kisite. Askari wetu, na hata wa majeshi rafiki wanaokuja kufanya mazoezi nchini, wana haki ya kuufurahia uzuri huo kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo natoa mapendekezo kwa kila kamanda ambaye askari wake wanazama, awe wa hapa kwetu au wa ng’ambo.

Mosi, asizame mtu bila ya cheti cha kiraia kinachotambulika, na cheti kisichukuliwe kuwa ni cha milele. Aliyekaa mwaka mzima bila ya kuzama aanze upya kwenye maji mafupi, hata kama begani amejaa nyota.

Pili, msimamizi wa siku abaki juu. Awe ameandika majina, kina, muda na kiasi cha hewa cha kila mtu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mpigambizi wa akiba awe amevaa vifaa vyake tayari, si yule anayekula chakula cha mchana.

Tatu, pombe na uzamaji visikutane siku moja. Hili halihitaji maelezo.

Nne, neno “sizami” liheshimiwe. Askari yeyote aweze kulisema wakati wowote bila ya kuulizwa sababu, bila ya kudhihakiwa, na bila ya kuandikwa katika faili yake. Kamanda anayetaka kujua kama kikosi chake kiko salama asihesabu walioshuka chini zaidi. Na ahesabu mara ngapi mdogo amemzuia mkubwa.

Tano, mpango wa dharura uwepo kabla ya mashua kung’oa nanga: oksijeni mashuani, njia ya mawasiliano, na kujua ni wapi kilipo chumba cha kanieneo cha kumtibia mwenye maradhi ya viputo. Na safari ya kurudi ipangwe pia. Askari aliyezama Diani Jumapili asubuhi, tena mara mbili, kisha akapanda ndege jioni hiyo hiyo kurejea Nairobi, anaupeleka mwili wake hewani kabla ya naitrojeni kumtoka. Wataalamu wanashauri angoje angalau saa 18. Ruhusa ya likizo na izingatie saa hizo.

Yupo atakayesema kwamba kanuni hizi zitaua raha ya mchezo. La hasha! Wavuvi wetu huichungulia mbingu kila alfajiri kabla ya kutweka tanga, na hakuna aliyewahi kuwaita waoga kwa ajili hiyo. Wanajua kwamba bahari haishi zinge. Kamanda aliyekabidhiwa vijana wa watu naye ana wajibu wa kuchungulia, hata siku ya Jumapili, hata kama yeye mwenyewe hajui kuogelea. Akishindwa, asisimame mbele ya wazazi waliofiwa na kuwaambia kwamba ajali haina kinga. Kinga ilikuwako, naye ndiye aliyekuwa ameishika.