Alama za Wachache Zisiwe Hukumu

Ndugu, mwanafunzi ana haki ya kusema kama mhadhiri alifika darasani na kama alieleweka. Lakini kumnyima mhadhiri cheo kwa wastani wa alama za fomu ya intaneti ni dhuluma. Fomu ya karatasi ilijazwa darasani, wengi wakiwapo. Ya intaneti mara nyingi hujazwa na wachache. Mwaka 2018, mjini Toronto, Kanada, msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba chuo kikuu kilichoitwa wakati huo Ryerson kisipime ubora wa ufundishaji kwa alama hizo katika kupandisha vyeo. Enyi mlio katika mabaraza ya vyuo, kabla ya kuhukumu ulizeni: wamejibu wangapi, na nani ameingia darasani kushuhudia?