Ngazi za Kariakoo na nyonga za wazee

KUANGUKA kwa mzee nyumbani hakuandikwi katika taarifa za polisi, hakujadiliwi bungeni, na aghalabu hakuvuki ukuta wa familia. Watoto huambizana kwa simu kwamba mama ameteleza bafuni, jirani hupita kutoa pole, na baada ya miezi michache mama aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe huwa haendi tena. Jambo hilo huitwa uzee, na mjadala hufungwa hapo.

Takwimu haziruhusu mjadala huo ufungwe kirahisi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa ajali zisizokusudiwa, ni zile za barabarani tu zinazoua zaidi. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2007 ilieleza kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Kwa Tanzania, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban watu milioni 3.5 waliofikisha miaka 60 au kuipita, na sehemu yao wanaishi katika mitaa ambayo haikujengwa kwa kuwafikiria.

Kariakoo ni mfano wa kutosha. Nyumba ya Kiswahili iliyoujaza mtaa huo kwa miongo mingi ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani kulikuwa na jiko na choo. Haikukosa hatari zake: safari ya usiku kwenda uani, kwenye giza na sakafu yenye maji, iliwavunja wengi. Lakini mzee alikaa barazani, alisalimiana na wapita njia, alicheza bao, na alitembea kila siku bila kuambiwa na daktari.

Nyumba hizo zimeondoka moja baada ya nyingine, na mahali pake pamesimama maghorofa. Baadhi ya familia ziliingia ubia na wawekezaji: kiwanja kikatolewa, ghorofa likajengwa, na wenye kiwanja wakapata fleti juu ya maduka. Katika hesabu za fedha, huenda ubia huo ulikuwa na faida. Katika hesabu za mzee, baraza limegeuka ngazi. Lifti ikiharibika, au umeme ukikatika, mwenye magoti mabovu huchagua kati ya kushuka kwa kujikongoja na kutoshuka kabisa. Wengi huchagua la pili, na hapo ndipo tatizo linapozidi kukua, kwa sababu misuli ya mapaja isiyotumika hulegea upesi, na mwenye mapaja dhaifu ndiye anayeanguka hata akiwa anatoka kitandani kwenda chooni. Kumfungia mzee ndani ili asianguke ni kumwandalia anguko.

Ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, kuelekea Kisutu na Upanga, hali ina historia nyingine. Yapo majengo ya ghorofa tatu au nne ambayo Serikali iliyataifisha kwa sheria ya mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Waliopanga humo wakiwa vijana wamezeekea humo humo. Ngazi hazikubadilika, wao ndio waliobadilika.

Wapo wanaolihusisha anguko la chooni na jini. Si vyema kuibeza imani ya mtu, ila jini huyo mara nyingi huonekana kwa macho: kigae kinachong'aa, sabuni iliyomwagika, na kandambili iliyolika soli. Sakafu za saruji zimefunikwa kwa vigae laini kwa sababu vinapendeza na bei yake inafikika, na maduka ya vifaa vya ujenzi ya hapo hapo Kariakoo yanauza aina zote, laini na zenye mikwaruzo. Bomba la chuma la kushikilia kando ya choo, likifungwa na fundi wa kuchomelea, halifikii gharama ya siku chache za kulala hospitalini. Kutawadha nako kunahitaji angalizo: kuinua mguu mmoja kwenye sakafu yenye maji ni jambo gumu kwa mtu wa miaka 75, na kiti cha kukalia kando ya bomba, iwe nyumbani au msikitini, huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Sababu nyingine zimo mwilini. Dawa za shinikizo la damu na za usingizi zinaweza kumtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafla, kisukari hutia ganzi nyayo, na mtoto wa jicho huficha kingo ya ngazi. Haya yote hupimika, na mengine hutibika, lakini mgonjwa asipoulizwa kama ameanguka mwaka huu, mara nyingi hasemi mwenyewe. Anaogopa kuonekana mzigo.

Kinga iliyothibitishwa vizuri zaidi ni rahisi kupita inavyodhaniwa. Uchambuzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 108 kutoka nchi 25 na washiriki zaidi ya 23,000, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kiwango cha kuanguka kwa takriban asilimia 23, hususan yale ya mizani ya mwili na ya kuiga kazi za kila siku: kuinuka kitini bila kutumia mikono, kusimama kwa mguu mmoja huku meza ikiwa karibu, kupanda na kushuka kidato. Hayahitaji mashine. Yanahitaji mahali penye kivuli na mtu wa kuyasimamia mara mbili au tatu kwa wiki, na Mnazi Mmoja ipo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza kuwa wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na madirisha ya wazee katika hospitali za umma ni matunda ya mwelekeo huo. Hilo si dogo. Hata hivyo, dirisha humpokea mzee akiwa tayari ameumia. Nyonga ikivunjika, upasuaji unatakiwa ufanyike mapema; mwongozo wa Uingereza unataka ufanyike siku ya kupokelewa au siku inayofuata. Mzee anayekandwa maji moto nyumbani kwa wiki nzima kwa kudhaniwa ameteguka tu, hufika akiwa na vidonda vya mgongo na mapafu yaliyoshambuliwa.

Nje ya nyumba, lawama haiwezi kubebeshwa familia. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 na kufika Gerezani kupitia Msimbazi, yana jukwaa lililo sawa na mlango. Daladala haina, na kondakta hana subira. Wamachinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara Oktoba 2021, lakini katika Mtaa wa Kongo bidhaa zimerudi chini, na mwenye fimbo analazimika kupita katikati ya bodaboda na mikokoteni. Mtaro usio na mfuniko ni suala la Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), kibali cha ghorofa ni suala la Halmashauri ya Jiji.

Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Agizo lilihusu uimara wake, kama ilivyostahili. Lakini mkaguzi anayekwenda kuangalia nguzo za ghorofa ya nne hupanda kwa ngazi zile zile, na haimchukui hata dakika kuandika kama zina taa, kama vidato vinalingana, na kama kuna chuma cha kushikilia.