Fundi Aliyehesabu kwa Kihindi

Mwezi huu tunataka kuwaeleza jambo lililotupata wenyewe, maana huenda hata kwenu lipo sanduku kuukuu chini ya kitanda ambalo hakuna aliyeuliza ni la nani.

La kwetu ni la mvule. Ndani yake mna randa mbili, tezo, patasi, kekee na guni iliyolika pembeni. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba ni vyombo vya baba wa babu yetu, seremala wa misheni, na kwamba "alitoka Bombay". Basi, hapo ndipo hadithi ilipoishia. Tulicheka tu, kwa kuwa hatufanani na Wahindi hata kidogo.

Mwaka jana binti yetu aliposwa, na wazee wa upande wa kijana wakaja kutoka Taita. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja akauliza kwa upole, "Nanyi ni wa ukoo gani?" Kaka yetu mkubwa akajibu, "Sisi ni watu wa Frere Town." Mzee akangoja aendelee, naye hakuwa na la kuendelea. Binti aliyasikia yote akiwa jikoni. Usiku ule alituuliza huku akilia kama kuna jambo tunalomficha. Wageni wangerudi baada ya miezi mitatu, tukaona hatuna budi kutafuta.

Tulianza na shangazi yetu, ambaye amepita miaka 90, na tulianza vibaya. Tulimwuliza miaka: babu alizaliwa lini, alifariki lini? Akachoka, akageukia ukutani. Siku ya pili tulikwenda na randa, tukamwekea mapajani. Akina mama, mzee hukumbuka kwa mikono! Aliipapasa, akaanza kutueleza aliyosimuliwa na bibi yake: kwamba fundi yule hakupiga msumari mahali ambapo ulimi wa mbao ungetosha, na kwamba alipopima mbao alihesabu kwa Kihindi, "ek, do, tin".

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuonyesha njia. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na wengi wa watoto waliookolewa walipelekwa Bombay. Baadhi yao waliwekwa katika kituo cha misheni ya CMS huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Mchungaji William Salter Price, aliyekiongoza kituo hicho, ndiye aliyetumwa Mombasa mwaka 1874 kuanzisha makao ya walioachwa huru. Makao hayo yakaitwa Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Vijana wa Nasik wakarudi Afrika wakiwa mafundi na walimu. Mmoja wao, William Jones, alifanywa shemasi mwaka 1885, akafuatana na Askofu Hannington safari ya Uganda, na askofu alipouawa ndiye aliyeurudisha msafara Rabai. Kumbe "Bombay" ya babu haikuwa mzaha.

Kisha tukaomba ruhusa kuona madaftari ya zamani ya kanisa. Siku nzima tulitafuta ubatizo wake bila kuupata, wala tusingeupata, kwani alibatizwa India. Ndipo tulipofikiri kuwatafuta watoto wake. Hilo tunawaomba mlishike. Daftari la ubatizo la Kianglikana lina nafasi ya jina la baba na la mama, mahali wanapokaa, na kazi ya baba. Mtoto wa kwanza, 1885, Rabai: baba seremala. Wa pili, seremala. Wa tatu, seremala. Jina la mama limeandikwa kwa namna tatu mbalimbali, nasi tulilinakili kila mara kama lilivyo. Mtoto wa nne yumo katika ubatizo, na yumo tena katika daftari la mazishi, 1899, wakati wa ile njaa kubwa. Shangazi hakuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Haikuandikwa nani alitengeneza jeneza. Tulifunga daftari, tukatoka nje kidogo.

Tulipomsomea shangazi jina la bibi yake, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Hilo la bibi msiliandike." Bibi alikuwa mtoro. Alitoroka shambani kwa bwana wake, akakimbilia misheni. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa fidia mabwana, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Bibi alikuwa mmoja wao. Shangazi aliiona karatasi hiyo kwa macho yake kabla haijaliwa na mchwa. Tukahesabu miaka kimya kimya. Mwaka 1885 fundi alikuwa mtu huru, lakini mkewe, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa kwanza, kwa sheria ya pwani alikuwa bado mali ya mtu. Tulimtii shangazi, hatukuandika.

(Ikiwa madaftari ya kwenu yameharibika, jaribuni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Barua za wamisionari wa CMS zimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.)

Wageni waliporudi, kaka yetu aliwaeleza habari za Nasik, Frere Town na Rabai. Akasema wazi kwamba kijiji alikozaliwa fundi hatukijui, kwa sababu mtoto aliyeokolewa alipewa jina jipya na la zamani likapotea. Yule mzee akauliza, "Na mama yao je?" Tukatazamana. Aliyejibu ni shangazi. Alisimulia yote, utoro na hati, hata mchwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aletewe randa aione.

Ruhusa ya kuandika haya ametupa shangazi mwenyewe, kwa sharti kwamba jina la bibi libaki nyumbani. Harusi ni Desemba. Binti ameomba apewe sanduku. Kifuniko kina ufa, nasi tunatafuta seremala wa kuuziba bila kupiga msumari.