Reli Ndogo Darasani

Reli iliyopita katika bonde la Lukuledi kwenda Nachingwea, pamoja na tawi lake la Masasi, ilifungwa mwaka 1962. Kwa maoni yangu, yafaa shule zetu za sekondari ziijenge upya juu ya meza.

Kwanza ni meza yenyewe: fremu ya mbao kavu, yenye mihimili ya kukingama, iliyofunikwa kwa plaiwudi. Mbao mbichi zikikauka hupinda, na reli hupinda pamoja nazo.

Chini ya kila njia panda hufungwa koili mbili za waya wa shaba, zenye kijiti cha chuma katikati. Umeme ukipita katika koili ya kwanza, chuma huvutwa na kusogeza reli za kuchepusha gari. Ukipita katika ya pili, hurudi. Betri ya volti 12 yatosha, na waya hupatikana katika transfoma mbovu ya redio.

Wako watakaosema kuwa huu ni mchezo wa watoto. Lakini swichi ikibonyezwa kupita kiasi, koili huungua; na mwanafunzi aliyeunguza koili moja hatahitaji kukariri kwamba mkondo huzaa joto.