Mmoja Asome, Mwingine Awinge Ndege

Ndugu zangu wa Namawala, Idete, Ifakara na bonde zima la Kilombero, na hasa akina mama na dada mnaohamia shamba mpunga unapokaribia kutoa masuke: nina ombi kwenu. Msimu huu, mkifungasha sufuria na chandarua, fungasheni na riwaya. Moja tu, ya watu wawili. Iwe ya mambo ya kale, au iwe na maajabu ndani yake, au iwe ya wanawake wanaoshibana. Ikiwa na yote matatu, heri zaidi.

Mtasema kazi ni nyingi. Ni kweli, hakuna anayesoma huku anapalilia. Lakini kuwinga ndege ni kazi ya namna yake. Unapanda dunguni alfajiri, unapiga debe, unapiga kelele, kisha unangoja kweleakwelea warudi. Mkiwa wawili, mmoja asome kwa sauti, mwingine awinge. Baada ya kurasa chache mpokezane. Asiyejua kusoma hapotezi kitu, maana hadithi kwetu huingia kwa sikio.

Pa kuanzia papo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini ndugu yao wa damu kwa wivu, na Huria, binti wa kijini, anawageuza nyani. Mkimaliza, chukueni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Hii haina majini. Ina Zanzibar ya wakati wa mkoloni, na Yasmin aliyemkimbia mume aliyeozwa. Kwao wanamkataa. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa Ng'ambo, asiye ndugu yake wala wa asili yake. Hapo dungu zima litabishana: nani ndugu hasa, wa tumbo moja au anayekupokea siku mbaya? Mabishano hayo ndiyo utamu wenyewe wa kusoma na mwenzio.

Na bonde letu lina riwaya yake inayongoja kuandikwa. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani Mahenge, wakiamini dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji. Bunduki za rashasha ziliwajibu. Kisa hicho husimuliwa kama vita vya wanaume, ilhali kule Songea, Nkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni, aliipokea dawa hiyo na akanyongwa mwaka 1906. Na njaa iliyofuata vita, nani aliyehangaika kutafuta cha kupika? Mpe mwandishi wasichana wawili wa kandokando ya mto Kilombero, mmoja anaamini maji, mwenzake haamini, na wote wanapendana. Nitakuwa wa kwanza kuinunua riwaya hiyo.

Wapo watakaosema hadithi za uchawi zinachochea uchawi. Hofu yao naielewa, kwa kuwa nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikulizima tatizo. Lakini kumbukeni ng'ambo ya mto, kwa Bibi Kalembwana wa Ihowanja, aliyepata jina kwa kunyoa watu ili kuondoa uchawi: alinyolewa mtuhumiwa, akanyolewa na aliyemtuhumu. Wote wawili walirudi nyumbani na vichwa vitupu. Riwaya nzuri ina hekima ya aina hiyo. Inakuweka ndani ya kichwa cha bibi anayenyooshewa kidole, na ukitoka humo si rahisi kuokota jiwe.

Basi wito wangu ni huu. Wewe mwenye kitabu kabatini, kitoe kizunguke. Wewe unayekwenda Ifakara kuuza mchele, rudi na nakala moja, mchangiane bei. Walimu wa Kiswahili, waazimeni akina mama vitabu wakati wa likizo, mkiandika jina la aliyechukua na la rafiki atakayesoma naye. Wanaume, chukueni zamu ya kuwinga walau asubuhi moja, wake zenu wafike mwisho wa sura.

Na wewe binti unayeandika kwenye daftari ukilificha chini ya godoro: kaa na bibi yako, muulize aliyoyasikia kwa bibi yake, kisha andika. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Kabla ya kuwapelekea majaji, msomee rafiki yako. Akisinzia, kata. Akikuuliza ikawaje, endelea.