Mizani ya Chumbani: Tuipande Kila Siku au Tuifungie Kabatini?



Harusi za Mfungo Mosi hizo zinakuja, na kama kawaida maswali yanayotufikia ni mawili: singo ipi nzuri, na vipi mtu apungue haraka. La singo tumeshaliongea sana. Leo tuliongee hilo la pili, na hasa hicho kidude bapa cha kioo ambacho siku hizi hakikosekani kwenye chumba cha biharusi mtarajiwa. Mizani. Je, ni vyema kufuatilia kupungua kwetu kwa kupanda mizani kila siku?

Rai yetu tutaisema mwanzo kabisa ili mtu asitutafute mwisho wa maneno. Mizani ina faida yake, lakini haifai kuwa hakimu wetu. Na biharusi aliyebakisha mwezi mmoja, sisi tunamshauri ampe mama yake aifungie kabatini mpaka fungate iishe.

Tuanze na yaliyotupata wenyewe. Mmoja wetu, alipokuwa biharusi, alijiwekea lengo la kupungua kilo kumi kwa siku arubaini. Akawa anapanda mizani asubuhi akiamka, tena akitoka chooni, tena usiku kabla ya kulala. Ikishuka nusu kilo, siku nzima anacheka. Ikipanda, hali chakula cha mchana, na mama akimuuliza anasema amefunga. Akanywa chai ya kupunguza mwili aliyouziwa kwenye pakiti isiyo na maelezo ya maana, ikamharisha siku tatu mfululizo. Mizani ikashuka kilo mbili na nusu, akashukuru. Siku ya kusingwa akaanguka chini. Somo wake alidhani ni moshi wa udi. Kumbe ilikuwa njaa na upungufu wa maji. Alhamdulillah alizinduka salama, lakini mpaka leo akitazama picha za harusi yake, anazikumbuka namba kuliko dua za wazee waliomzunguka.

Sasa zile kilo mbili na nusu zilikuwa nini? Maji. Hapa ndipo mizani inapotudanganya, na inafaa tuelewe inavyofanya.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukinywa chupa ya nusu lita ukapanda mizani papo hapo, umeongezeka nusu kilo, na hakuna hata chembe ya mafuta iliyoingia mwilini. Ukila pilau na achari usiku, chumvi inaufanya mwili ushikilie maji, na asubuhi mizani inakuonyesha umepanda. Siku za kukaribia hedhi wengi wetu tunavimba kidogo, miguu na pete vinabana, na kilo moja au mbili zinaongezeka kisha zinaondoka zenyewe. Hata kukosa choo siku mbili kunaonekana.

Na ile furaha ya wiki ya kwanza ya kujinyima nayo ina siri yake. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa pamoja na kama gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inaporomoka, unadhani umeshinda. Ukirudi kula kama kawaida, akiba inajaa tena, mizani inapanda, unalia. Mafuta ya tumboni yalikuwa yametulia muda wote huo.

Tufanye na hesabu. Kilo moja ya mafuta ni sawa na kama kalori 7,700. Mwanamke wa kawaida hutumia kama kalori 2,000 kwa siku nzima. Ili upate kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ungelazimika kula chakula chako cha siku, kisha uongeze juu yake chakula cha siku karibu nne nyingine. Hakuna biriani ya harusini yenye uwezo huo, hata ukirudia sahani. Kwa hivyo shoga unayeamka na kilo moja ya ziada baada ya walima, usijitukane. Hayo ni maji na chumvi, na siku mbili tatu zitayaondoa.

Tusisahau na nyumba zetu. Mizani inataka sakafu ngumu na iliyonyooka. Ukiiweka juu ya zulia au mkeka, inasema jengine. Na anayekaa nyumba za zamani za Mji Mkongwe anajua mwenyewe sakafu zile zilivyo: ukiisogeza mizani hatua mbili unaweza kupata jibu tofauti.

Lakini wapo watakaotujibu, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema: bila ya mizani nitajuaje? Nguo zetu hazisemi. Anayevaa suruali ya jinzi huambiwa na kifungo kwamba ameongezeka. Sisi dera halina kiuno, baibui halina mwisho, na mtu anaweza kuongezeka kilo kumi na tano bila ya nguo hata moja kumkatalia. Anakuja kujua pale magoti yanapouma akiinuka kwenye sijda, au anapopimwa presha hospitali. Na sukari na presha si wageni majumbani mwetu. Ni nani hapa asiyekuwa na mama, shangazi au mama mdogo anayemeza vidonge kila siku?

Hoja hiyo ni ya kweli na tunaikubali. Kwa hivyo hatusemi mizani itupwe. Tunasema itumike kwa adabu. Mara moja kwa wiki inatosha, na ukiweza mara moja kwa wiki mbili ni bora zaidi. Iwe siku ile ile, asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chai, kwa nguo nyepesi, mahali pale pale penye sakafu ngumu. Andika namba, kisha endelea na shughuli zako. Usilinganishe leo na jana. Linganisha mwezi huu na mwezi uliopita, na wiki ya hedhi ilinganishe na wiki ya hedhi. Anayepungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki anakwenda mwendo mzuri, hata kama jirani anajisifu kwa kilo tano.

Wapo pia ambao mizani kwao ni amri ya tabibu: mja mzito anayehudhuria kliniki, mgonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apime kila siku ili maji yakizidi mwilini ajulikane mapema. Hao wafuate daktari wao, wasitufuate sisi. Na anayepungua bila ya kutaka asishangilie, aende hospitali.

Kwa waliobaki, kuna kipimo tunachokipenda zaidi, nacho kimo ndani ya kikapu cha kila anayeshona: tepu ya fundi. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu, tafuta na mfupa wa juu wa nyonga, zungusha tepu katikati yake, pumua nje kawaida bila ya kuvuta tumbo, soma. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya maradhi ya moyo na sukari inaanza kuongezeka, na kikizidi sentimita 88 inaongezeka sana. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayodhuru zaidi, na mizani haijui yamekaa wapi. Pia anayefanya mazoezi anajenga misuli, na misuli inachukua nafasi ndogo kuliko mafuta ya uzito ule ule. Anaweza kupungua sentimita nne kiunoni na mizani isitikisike. Akiwa na mizani peke yake, ataacha mazoezi akidhani hayamsaidii.

Kuna na vipimo visivyohitaji kifaa. Unapanda ngazi bila ya kusimama katikati? Unasali Tarawehe kwa kusimama mpaka mwisho? Unalala vizuri? Chai yako imetoka vijiko vinne vya sukari ikaja kimoja? Hayo ndiyo maendeleo, na hakuna namba ya kioo inayoweza kuyafuta.

Sasa tuje kwenye dini yetu, maana hapo ndipo tunapopimwa kwa kweli. Mwili ni amana, na una haki juu yetu. Salman al-Farisi alimkumbusha hivyo ndugu yake Abu Darda aliyejichosha kwa ibada, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akamuunga mkono Salman. Tumefundishwa pia tusilijaze tumbo, tugawe nafasi baina ya chakula, maji na pumzi. Kwa hivyo kujitahidi tupungue kwa ajili ya afya ni jambo la kheri, wala si umagharibi. Lakini kumnyima mwenye haki haki yake pia ni dhulma, hata akiwa ni tumbo lako mwenyewe.

Na tuwe wakweli katika funga. Wapo miongoni mwetu wanaofunga Jumatatu na Alkhamisi huku jicho liko kwenye mizani. Ukifunga kwa ajili ya Allah na mwili ukapungua, hiyo ni neema juu ya neema. Ukishinda na njaa kwa ajili ya gauni kisha ukawaambia watu umefunga, hapo jiulize mwenyewe, kwa sababu nia yako anaijua Mola wako na wewe.

Tunapenda kukumbuka visa viwili. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume akamshinda. Baadaye, mwili ulipoongezeka, wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Ameeleza mwenyewe kuongezeka kwake bila ya aibu, na mumewe hakumsimanga, alimwalika mbio. Kisa cha pili ni cha Abdullah bin Mas'ud. Alipanda mti kuchuma mswaki, upepo ukafunua miundi yake, masahaba wakacheka kwa ilivyokuwa myembamba. Mtume akawaambia kwamba miundi ile katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Tazameni: mmoja aliongezeka, mwengine alikuwa mwembamba, na wote wawili hawakudharauliwa na mbora wa viumbe. Sisi ni nani tuwadharau?

Hili linawahusu na wale wanaomzunguka biharusi. Kwa bibi zetu, mwari aliwekwa ndani akalishwa anawiri, na akitoka amekonda ilikuwa aibu ya mama yake. Leo akitoka amenawiri, shangazi wa kwanza mlangoni anasema, "Mwanangu, mbona umekuwa hivyo?" Kipimo kimegeuka, ulimi ni ule ule. Shangazi zetu, kwa heshima zote, salamu ni assalaam alaykum. Kilo za mtu haziingii kwenye salamu. Na mchumba anayemtumia msichana wa watu namba ya uzito anaoutaka kabla hata ya nikahi, wazee wake wazungumze naye sasa, wasingoje baada ya harusi.

Kwako wewe biharusi uliyebakisha mwezi, hizi ndizo nasaha zetu. Kula mara tatu, chakula cha nyumbani, samaki na mboga zaidi, wanga na sukari kidogo. Kunywa maji. Tembea nusu saa baada ya Alfajiri, na ndugu au shoga. Lala mapema. Usinywe chai wala kidonge ambacho hujui kilichomo. Mwambie fundi aache nafasi kwenye mshono, na ujaribu gauni wiki mbili kabla ya harusi. Likibana, litanuliwe. Gauni hushonwa lifuate mwili. Mwili haukuumbwa ufuate gauni.

Kisha siku ile ukae ukumbini umeshiba, una nguvu, unasikia dua unazoombewa na kuitikia amin. Kupungua kuna miaka mingi mbele yako, inshaallah, polepole na kwa afya. Harusi yako ni siku moja, na tunakuombea iwe na baraka.

Wabillahi tawfiq.